Mbona jirani ana kitufe kipya na wewe huna?

Tuseme unauza viatu vya mitumba Free Area, pale karibu na steji. Asubuhi unapiga picha jozi tano, unaziweka Instagram na kwa status ya WhatsApp. Mteja wa Lanet anaona, anatuma pesa, boda anapeleka. Sasa siku moja unaangalia simu ya mwenzako wa kibanda cha pili na unaona ana kitufe ambacho wewe huna. Simu zenu ni aina moja. Umeapdeti, umezima na kuwasha, na bado hakipo.

Simu yako haina shida, na laini yako pia haina shida. Kuna mtu ofisini ameamua kwamba kitufe hicho kianze na watu wachache, na wewe hukuwa kwa kundi la kwanza. Tunataka kueleza kwa nini wanafanya hivyo, kwa sababu asiyejua sababu hii ndiye wakora wanamtafuta.

Programu nyingi za simu hutoka kwa awamu. Play Store humruhusu mwenye programu kusema toleo jipya liende kwa asilimia 1 ya watu kwanza, kisha 5, kisha 20, na kusimamisha kila kitu akiona mambo yanaharibika. Halafu kuna njia ya pili ambayo huchanganya watu zaidi. Kitufe huja tayari ndani ya apdeti lakini kimefichwa, na kampuni hukiwasha kutoka mbali, kikundi kwa kikundi. Ndiyo maana unaweza kuapdeti mara tatu na usione tofauti yoyote. Kilichobaki hakiko mikononi mwako.

Angalia kilichowapata Instagram tarehe 27 Desemba 2018. Walikuwa wanajaribu mpangilio mpya ambapo picha zinapita kwa upande badala ya kushuka chini. Ilikuwa ifikie kundi dogo sana la watu. Kwa makosa, jaribio likaenda kwa watu wengi, na malalamiko yakajaa kila mahali. Adam Mosseri, msimamizi wa Instagram, akaomba radhi na mpangilio wa zamani ukarudishwa siku hiyo hiyo. Hayo yalikuwa mambo ya picha tu. Hakuna aliyekosa nauli.

Wakati mwingine jaribio huchukua muda mrefu na kitu chenyewe hubadilika njiani. Mwaka 2019 Instagram walianza kuficha idadi ya "likes" Canada, kisha wakaongeza nchi nyingine kama Italia, Brazil na Japani. Baadhi ya watu walifurahia kupumzika na mambo ya kuhesabiwa, wengine wakakasirika, hasa wale ambao idadi hiyo ndiyo inawaletea kazi. Mwishowe, Mei 2021, kampuni ikaacha kila mtu ajichagulie kuficha au kutoficha. Kama wangeificha kwa dunia nzima siku ya kwanza, pengine hiyo njia ya katikati wasingeiona.

Hata Instagram yenyewe ilizaliwa kwa kuangalia watu wanafanya nini. Kevin Systrom na Mike Krieger walikuwa na programu iliyoitwa Burbn. Ilikuwa ya kusema uko wapi, kupanga kukutana na marafiki, kukusanya pointi, na pia kuweka picha. Mengi ya hayo watu hawakuyajali, lakini picha waliweka. Wakakata karibu kila kitu, wakabakisha picha, maoni na kupenda. Ikatoka tarehe 6 Oktoba 2010, kwa iPhone pekee. Sisi wa Android tulingoja hadi Aprili 2012, na biashara ya picha haikuisha kwa sababu hiyo.

Kenya tulikuwa tumeona jambo kama hilo miaka mitano kabla, tena kwa pesa. Oktoba 2005 M-Pesa ilianza kujaribiwa Nairobi na Thika na wateja wasiofika 500 wa Faulu, shirika la mikopo midogo. Wazo lilikuwa mteja alipe mkopo wake kwa simu, basi. Lakini watu wakipewa kitu hukitumia wanavyotaka. Mama mmoja, mumewe aliibiwa akakwama, akamtumia pesa ya nauli arudi nyumbani. Wafanyabiashara wakaanza kulaza pesa ndani ya simu kwa sababu benki zilifunga kabla ya maduka ya mawakala. Wengine waliweka pesa wakianza safari na kuitoa wakifika, wasitembee na noti mfukoni.

Upande wa mikopo nao ulileta maumivu. Wateja wa Faulu walizoea kukutana kwa vikundi na kudhaminiana. Ukiweza kulipa ukiwa umekaa dukani, mkutano unaenda kufanya nini? Mahesabu ya shirika na ya simu nayo yalikuwa kazi kuyalinganisha. Huduma ilipofunguliwa kwa kila mtu Machi 2007, kulipa mkopo hakukuwa tena kichwa cha habari. Kichwa kilikuwa kutuma pesa nyumbani. Hilo lilijulikana mapema kwa sababu kundi la kwanza lilikuwa dogo, na mtu angeweza kukaa na wateja na kuwauliza.

Kwetu sisi wa malipo kuna sababu nyingine ya kwenda polepole. Picha ikikwama, unaituma tena. Malipo yakikwama na ukatuma tena, huenda umelipa mara mbili. Kosa likigusa watu mia tano, wanaweza kupigiwa simu mmoja mmoja na kurudishiwa pesa zao. Likigusa mamilioni Ijumaa jioni mwisho wa mwezi, hapo hata laini ya huduma kwa wateja haishikiki.

Sasa turudi kibandani. Wakati ule unatamani kitufe cha jirani ndipo ujumbe unaingia: "Pata toleo jipya kabla ya wengine, bonyeza hapa." Au mtu kwa grupu ya WhatsApp anatuma faili inayoishia na .apk, anasema ni Instagram mpya, au ni programu ya malipo yenye kitufe kipya cha kukopa. Ukiiweka, inaomba ruhusa ya kusoma meseji zako. Jiulize, programu ya picha inataka kusoma meseji za nini? Meseji ndizo zinabeba zile namba za uthibitisho za benki na za pochi yako. Mwingine hatatuma faili. Atapiga simu, ajiite mtu wa kampuni, aseme anataka "kukuwashia" huduma na umsomee namba iliyoingia kwa meseji.

Kitufe cha kweli hakiwashwi kwa kupigiwa simu. Kinakuja kupitia Play Store au App Store, au kwa menyu ya laini yako, na hakiulizi PIN yako ili kije. Kama unapenda kuwa wa kwanza, baadhi ya programu zina mpango wa majaribio ndani ya Play Store kwenyewe: fungua ukurasa wa programu, teremka chini, na kama nafasi ipo utaona pa kujiunga. Ushauri wetu ni usijaribie kwa simu yenye laini unayopokelea pesa za wateja. Matoleo ya majaribio huanguka.

Na kama faili ya .apk tayari umeiweka, zima data na Wi-Fi kwanza. Chukua simu ya mtu unayemwamini, piga huduma kwa wateja ya kampuni yako ya pesa na ya benki, uombe akaunti zisimamishwe kwa muda. Halafu toa ile programu kwa simu yako. Ikikataa kutoka, hifadhi picha zako, urudishe simu kama ilivyotoka dukani. PIN ibadilishe baada ya hapo; ukiibadilisha mapema, unamwonyesha mkora ile mpya.