Nyonga ya Mbwa Hupimwa Kabla ya Kisu

Ukitoka Bunia kwa barabara ya Komanda, ukashika njia ya Mambasa hadi Epulu, umeingia katika nchi ya basenji, mbwa mdogo asiyebweka ambaye wawindaji wa Kimbuti humfunga kengele ya mti shingoni. Uzito wake ni kilo 10 hivi, na ni nadra nyonga kumsumbua. Berger allemand anayelinda geti mjini ni habari nyingine: dume ana kilo 30 hadi 40, na ukoo wake unajulikana kila mahali kwa nyonga legevu. Kichwa cha fupa la paja hakikai sawasawa ndani ya kikombe chake, gegedu inalika, na mnyama anakimbia huku akirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa mbwa mwaka 1935, na Gerry Schnelle wa Marekani. Kubadilisha nyonga nzima kwa chuma na plastiki kulianza miaka ya 1970.

Kazi ngumu huanza kabla ya kisu. Mbwa hulazwa kwa dawa, miguu ikanyooshwa, ikapigwa picha ya radio. Kwanza hutafutwa pembe ya Norberg: mstari huunganisha vitovu vya vichwa viwili vya mapaja, mwingine hutoka kitovuni hadi ukingo wa mbele wa kikombe. Nyuzi 105 au zaidi huhesabiwa kuwa salama, ingawa kila aina ya mbwa ina kawaida yake. Rula, penseli na kipimapembe vinatosha.

Kuchagua chuma kunadai zaidi. Picha hukuza mfupa, kwa hiyo kando ya paja huwekwa gololi ya kipimo kinachojulikana. Gololi ya milimita 25 ikionekana 28, kila kipimo kimeongezeka kwa asilimia 12, na mfereji wa uboho unaosomeka milimita 14 kwa kweli ni 12.5. Anayesahau gololi hiyo ataagiza chuma kinene kuliko mfereji wenyewe.

Kisha huangaliwa umbo. Upana wa mfereji karibu na nyonga hugawanywa kwa upana wa sehemu yake nyembamba kabisa. Hapa ukuzaji hauharibu kitu, kwani namba zote mbili zimeongezeka kwa kiasi kilekile. Jibu likizidi 1.8, mfereji unapanuka vizuri kuelekea juu, na chuma kisichotumia saruji hubanwa barabara. Likishuka chini ya hapo, mfereji umenyooka kama bomba: chuma huweza kuzama au kupasua fupa. Berger allemand, bahati mbaya, mara nyingi huangukia upande huu, na hapo daktari huweza kuamua kutumia saruji ya mifupa.

Pasipo vifaa hivyo, ipo njia ya zamani: kukata kichwa cha fupa la paja na kuuacha mwili ujitengenezee kiungo cha nyuzinyuzi. Mbwa wa chini ya kilo 20 hivi huizoea vizuri, akitembezwa mapema baada ya upasuaji ili misuli isinyauke. Kwa berger allemand wa kilo 40, matokeo hayatabiriki kirahisi.