Gari la Abiria Lililotumika: Bei ya Kununua Siyo Gharama Yote

Vijiji vingi vya Wilaya ya Muheza hutegemea gari dogo la abiria, hasa Toyota Hiace na Toyota Noah, ili wakazi wafike sokoni, shuleni na hospitalini. Gari hilo linapoharibika, mgonjwa huchelewa kufikishwa kwenye matibabu na magunia ya machungwa hubaki kando ya njia. Magari hayo kwa kawaida huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, kisha hupita katika mikono ya wamiliki kadhaa kabla ya kufika kijijini.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa vikundi vinavyofikiria kuanzisha biashara ya usafiri kwa mkopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini una marejesho. Gari laweza kulala gereji mwezi mzima, marejesho hayalali.

Kujua umri wa gari

Wanunuzi wengi hukadiria umri wa gari kwa herufi za namba ya usajili. Herufi hizo huonesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania, wala hazioneshi mwaka lilipotengenezwa. Gari lenye namba ya karibuni laweza kuwa na umri wa miaka 15 au zaidi. Mwaka wa kutengenezwa hutazamwa katika kadi ya gari, na namba ya chesisi iliyomo katika kadi sharti ilingane na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake, kwa kuwa huweza kurudishwa nyuma. Pedali zilizolika na usukani uliosugulika husema zaidi.

Injini kuchemsha

Katika Hiace na Noah za zamani, injini hukaa chini ya viti vya mbele. Joto hukosa njia pana ya kutoka, na maji yanayovuja hayaonekani upesi. Mpira wa maji uliopasuka, kifuniko cha rejeta kilicholegea au feni isiyozunguka vizuri hutosha kuchemsha injini katika mlima wa kwenda Amani. Tatizo huongezeka pale rejeta inapojazwa maji ya kisima yenye chumvi, kwani chumvi huganda ndani na kuziba njia. Maji ya kupoozea yanayopendekezwa na mtengenezaji wa gari huzuia kutu na mgando huo.

Hapa ndipo tofauti ya gharama inapoonekana wazi. Mpira na kifuniko ni miongoni mwa spea za bei nafuu. Dereva akiendelea kuendesha gari linalochemsha, gasketi huungua na hedi ya silinda hupinda, na mwenye gari hulazimika kulipia kazi ya kuifungua injini. Dalili za gasketi iliyoungua ni maji kupungua bila kuvuja nje, mapovu ndani ya rejeta, moshi mweupe usiokoma, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe wakati injini ina moto, kwani mvuke huunguza vibaya.

Mkanda wa taimingi

Baadhi ya injini hutumia mkanda wa raba, nyingine mnyororo. Kwa injini nyingi za Toyota zenye mkanda, muda wa kuubadili hukadiriwa kuwa kilomita 100,000. Katika injini nyingi za dizeli, mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, vali hupinda. Mnunuzi asiyeoneshwa kumbukumbu ya kubadilishwa kwake auhesabu kuwa umekwisha, na aingize bei ya mkanda mpya katika mapatano ya ununuzi.

Kutu, breki na miguu ya mbele

Gari lililofanya kazi miaka mingi Tanga mjini au Pangani limeishi na upepo wa bahari. Kutu huanzia pasipoonekana: chini ya sakafu, kwenye chesisi na kwenye mabomba ya breki. Rangi nyeusi iliyopakwa karibuni chini ya gari ni sababu ya kuuliza maswali. Bomba la breki lililoliwa na kutu laweza kupasuka siku dereva anapokanyaga kwa nguvu, gari likiwa limejaa abiria.

Oili ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Katika mteremko mrefu hupata joto hadi kuchemka, na pedali huzama bila breki kushika. Inafaa ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, na dereva ateremke kwa gia ndogo. Barabara za vumbi na makorongo humaliza bushi, boljointi na shokapu. Dalili zake ni mlio wa kugonga, usukani unaovuta upande mmoja na matairi yanayolika upande mmoja.

Kupanga hesabu

Kabla ya kulipa, fundi asiyemfahamu muuzaji alikague gari, likiwa limelala bila kuwashwa tangu usiku. Malipo ya ukaguzi huo ni madogo kuliko hasara ya kununua injini iliyokwisha. Wakati wa matengenezo, fundi aombwe kutenganisha bei ya spea, ya ufundi, na ya vitu vya ziada kama oili na gasketi. Aeleze pia iwapo spea ni mpya au iliyotumika, na kile cha zamani kirudishwe kwa mwenye gari.

Bima, leseni ya usafirishaji ya LATRA na matairi viingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Akiba ya matengenezo itolewe katika hesabu ya kila siku kabla ya kugawana faida. Kwa mfano, kikundi kinachoweka shilingi 10,000 kwa kila siku ya kazi, siku 25 kwa mwezi, huwa na shilingi 250,000 mwisho wa mwezi na 1,500,000 baada ya miezi sita. Fedha hizo zikiwapo, mpira uliopasuka hubadilishwa siku hiyo hiyo. Zisipokuwapo, dereva huongeza maji na kuendelea na safari, na hedi ikapinda kabla ya kufika kituo kinachofuata.