Kipande cha Mwili Chini ya Hadubini

Daktari akatapo kipande kidogo cha mwili ili kipimwe, nyumba nzima huingiwa na hofu. Na siku zipitapo bila jibu, hofu huzidi. Yafaa basi tuijue kazi ifanyikayo siku hizo.

Kwanza kipande hulowekwa katika formalini kisioze, kisha hugandishwa ndani ya nta na kukatwa kwa wembamba wa milimita 0.004 hivi, unywele mmoja hukaribia milimita 0.07. Kwa kuwa tishu hiyo karibu haina rangi, hutiwa hematoksilini, itokanayo na mti wa Amerika ya Kati, pamoja na eosini. Viini vya seli huwa buluu, na sehemu zilizobaki waridi.

Ndipo mtaalamu atazamapo kwa hadubini. Misuli ya mkono ina mistari iliyonyooka. Ya moyo pia ina mistari, lakini imegawanyika matawi. Ngozi imepangika tabaka juu ya tabaka. Mpango huo ukivurugika, na viini vikiwa vikubwa vyenye maumbo yasiyolingana, hushukiwa saratani.

Basi kukawia kwa jibu peke yake si dalili ya ubaya. Cha kuogopwa ni kuchelewa kwenda kupimwa.