Kwa Baiskeli Kandokando ya Danube

Mara ya mwisho kupanda baiskeli nalikuwa na miaka kumi na tisa, nikimchukulia marehemu baba mikate ya mofa kutoka kwa mwokaji hadi dukani. Nilipopata kazi ya kalamu nikaiacha, kwani kwetu mtu akishavaa suruali iliyopigwa pasi huwa kichekesho akionekana akikanyaga pedali. Basi, msomaji, usinicheke nikikwambia kwamba Julai iliyopita, na hamsini nimekwisha kuzipita, nilipanda tena. Wala si Mombasa. Ilikuwa Austria, kandokando ya mto Danube, kutoka mji wa Melk hadi Krems, mwendo wa kilomita 40 hivi.

Aliyenitia katika jambo hili ni mwana wa ndugu yangu aishiye Vienna. “Ami,” aliniambia, “huku baiskeli si ya mwenye shida. Njoo uone.” Na niliona. Tulikodi baiskeli mbili asubuhi chini ya ile monasteri ya Melk, jengo kubwa la rangi ya manjano lililojengwa juu ya jabali baina ya 1702 na 1736. Hatukwenda mbali wakatupita babu na bibi wa miaka sabini na ushei, wamefunga mizigo nyuma, wakatupigia kengele na kutupungia mkono. Hawakuwa na haraka ya kufika popote.

Danube huanzia Msitu Mweusi wa Ujerumani, ukapita nchi kumi, ukaingia Bahari Nyeusi baada ya kilomita zipatazo 2,850. Njia ya baiskeli huufuata, nayo haina vilima vya kumtisha mzee, kwa sababu pahali pengi ndiyo ile ile njia ya zamani ambayo farasi waliipita wakivuta mashua kwa kamba kuzipandisha mto, kabla ya kuja meli za moshi katika karne ya 19. Walipotoka jasho farasi, leo wastaafu wanapunga upepo.

Bonde hilo huitwa Wachau. Milima yake imekatwa ngazi ngazi kwa kuta za mawe na kupandwa mizabibu, na kila kijiji kina benchi na bilauri za mvinyo zikimngoja mgeni. Sisi hapo tulikuwa wapita njia. Riziki yetu ilikuwa mishmish. Bonde hili ni mashuhuri kwa tunda hilo, na Julai ndio msimu wake. Tulinunua kikapu kwa mama mmoja mlangoni pake, tukala majanini, maji yakitutiririka hadi viwikoni. Kisha tukatawadha kwa maji baridi ya mto na kusali adhuhuri, na waliopita wakapunguza mwendo bila ya kupiga kengele.

Huko Arnsdorf nilisahau goti lililokuwa likiniuma. Kuna kivuko cha kwendea Spitz, ng'ambo ya pili, nacho hakisukumwi na mashine. Kimefungwa kwa waya uliotandwa juu ya mto. Nahodha hukigeuza kidogo kikaupa mkondo ubavu, na maji yenyewe yakakipeleka. Mimi niliyezoea mngurumo na msongamano wa Likoni nilisimama nikishika baiskeli yangu, nisisikie ila maji. Mabaharia wetu wa matanga wangalikielewa chombo hicho bila ya kuelezwa.

Alasiri tukafika Dürnstein. Juu ya mji mna magofu ya ngome, na hapo ndipo alipofungwa Richard, mfalme wa Uingereza, yule aliyepigana na Salahuddin Ayyubi. Maalim wetu chuoni alitusimulia vita vile, lakini mwisho wa Richard hakutufikisha. Septemba 1192 walifunga suluhu, Richard akarejea kwao kwa kujigeuza sura. Akakamatwa karibu na Vienna Desemba ile ile na Leopold, mtawala wa Austria, Mkristo mwenziwe, ambaye yasemekana bendera yake iliangushwa na watu wa Richard huko Akka. Machi 1193 Salahuddin alipofariki Damascus, hasimu wake alikuwa bado mfungwa. Aliachiliwa 1194 kwa fidia kubwa ya fedha, na sehemu ya Leopold ikaingia katika kuta za Vienna.

“Ami, jua linatua,” kijana alinikumbusha. Krems tuliingia tukiwa wa mwisho kabisa, na yule babu na bibi wa asubuhi wamekwisha kuoga na kubadili nguo.

Niliporudi Mombasa nilinunua baiskeli iliyokwisha kutumika. Jirani alipoiona imeegemezwa ukutani aliniuliza kwa sauti ya chini, “Bwana, kwema kazini?” Nikamkaribisha ndani, nikamtolea mishmish kavu niliyokuja nayo.