Judo na Karate: Je, Zaweza Kukaa katika Mwili Mmoja?

Askari kijana aliyejifunza karate mjini, kisha akahamishiwa Nchelenge, kwenye ufuko unaokabili kisiwa cha Kilwa katika Ziwa Mweru, huweza kujikuta mbali na mwalimu wake, huku mwenziwe wa kambini akijua judo tu. Je, ajifunze na hiyo, au aishike ile moja aliyo nayo?

Walimu wengi hujibu kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo, historia ya judo yenyewe yaipinga. Jigoro Kano alianza mwaka 1877 katika mtindo wa Tenjin Shin'yo, wenye kukaba, kupinda viungo na kupiga mahali pa hatari. Miaka minne baadaye akaingia mtindo wa Kito, ambao nguvu yake imo katika kumwangusha mtu aliyepoteza mizani. Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua Kodokan mjini Tokyo, katika chumba cha hekalu chenye mikeka 12. Naye Hironori Otsuka alilelewa katika jujutsu tangu utotoni. Alipoanza karate mwaka 1922 alikuwa mtu mzima wa miaka 30. Kutokana na hizo mbili akaunda Wado-ryu.

Msomaji na atazame utaratibu wao. Hakuna aliyeanza mitindo miwili siku moja.

Kinachomponza mwanafunzi si wingi wa mafunzo, bali mazoea yanayogongana. Karate humzoeza kupanua miguu na kuurudisha mkono kiunoni kila apigapo. Mcheza judo husimama wima, mikono mbele, akitafuta kushika nguo. Mguu wa mbele uliobebeshwa uzito ni zawadi kwa fundi wa kufagia miguu; na mwenye kunyoosha mikono ashike kola humwachia mpiga ngumi uso mtupu. Hatari inapozuka usiku, mwili hauchagui, hutenda uliyoyazoea. Aliyezoea nusu hii na nusu ile husita, na adui hangoji.

Basi mtindo wa kwanza uote mizizi kwanza, na huo ni muda wa miaka, si wa miezi. Kisha kila mmoja upewe mahali pake: karate wakati adui yuko umbali wa mkono au mguu, judo mara tu anaposhika. Siku za mazoezi zitenganishwe mpaka mwili uache kuuliza. Kwa polisi, judo ina faida ya pekee, kwani mkaidi huweza kulazwa chini na kushikwa bila kuvunjwa jino, na ngumi za askari huwa na maswali yake mahakamani.

Tena yafaa kuuliza kama hicho kinachotafutwa nje hakimo nyumbani. Goju-ryu, iliyoletwa Dar es Salaam mwaka 1973 na Nantambu Camara Bomani, hubeba katika jina lake ugumu na ulaini pamoja. Zoezi lake la kakie, ambapo wawili hugusanisha mikono na kusukumana bila kuachana, humfundisha mtu kuhisi mizani ya mwenziwe. Aliyelizoea hataiona judo kuwa ngeni. Judo yenyewe ilipata makao Zanzibar katika miaka ya 1990 kwa juhudi za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka.

Mwenye karate aanze judo kwa kujifunza kuanguka, jambo ambalo wengi hulidharau hadi wavunjike mkono. Mahali pasipo mikeka, mchanga mkavu wa ufukoni hufaa; ule ulioloa na kushindiliwa ni mgumu kama sakafu. Mahali pachaguliwe mbali na maji, kwa maana Mweru ina mamba. Na katika kukaba, anayepiga mkono mara mbili aachiwe papo hapo.