Akiba Inayooza: Kuhifadhi Mipangilio ya Kache Seva Inapozimika

Makala haya yananuia kueleza jambo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili huenda akalidhania kuwa la mafundi peke yao. Tuchukue mfano wa shule iliyoko Lokiriama, magharibi mwa Lodwar, yenye maktaba ya kidijitali katika seva ndogo. Mbele ya maktaba hiyo huwekwa kache, yaani programu inayotunza nakala za kurasa zilizokwisha kuombwa ili msomaji wa pili asizisubiri tena.

Wapo wanaoiita kache akiba. Istilahi hiyo inapendeza, ila inapotosha: akiba haiozi, wasema wahenga, ilhali kilichomo katika kache huozeshwa makusudi. Varnish, programu iliyotolewa mwaka 2006, huihesabu nakala kuwa imechakaa baada ya sekunde 120 endapo haikuelekezwa vinginevyo. Mwalimu anayetaka hadithi zake zikae kutwa hana budi kubadilisha kipimo hicho.

Hapo ndipo penye utata. Badiliko linaloamriwa programu ikiwa kazini hukaa katika kumbukumbu yake tu. Stima ikikatika, limekwenda. Likiandikwa katika faili lililo ndani ya kontena, hustahimili kuzimwa na kuwashwa, lakini hupotea kontena hilo likifutwa na kuundwa jingine, kama ifanywavyo katika Docker programu inaposasishwa. Kontena hapa si lile bweta la chuma linalogeuzwa duka. Ni mazingira yaliyofungiwa, yanayojengwa kutokana na taswira (si ile ya washairi) isiyobadilika.

Mapatano ya Waturkana na Wamatheniko wa Uganda ya mwaka 1973 hayakuachwa vichwani mwa waliokuwapo: silaha zilizikwa papo hapo Lokiriama, na mnara ukasimamishwa.

Vivyo hivyo, faili la default.vcl, lenye agizo la muda wa nakala, liwekwe nje ya kontena, katika diski ya seva, kisha liunganishwe na folda ya /etc/varnish iliyo ndani. Kontena jipya litalikuta pale pale. Kiasi cha kumbukumbu na agizo la kontena kujiwasha lenyewe viandikwe katika faili la Compose, visichapwe kwa mkono kila mara.

Nakala zenyewe, kwa kuwa Varnish kwa kawaida huziweka katika kumbukumbu, zitapotea stima ikikatika. Wasomaji wa kwanza watasubiri kidogo, na kache itajijaza upya kadiri wanavyosoma.