Brutus na Gongo Lutete katika darasa moja la Kasongo

KASONGO, Maniema – Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Kasongo au Kabambare, tamthilia ya Shakespeare ni kitu cha mbali: Kiingereza cha miaka zaidi ya 400, na habari za watu wa Roma. Lakini Julius Caesar, iliyoigizwa London mwaka 1599, inauliza swali ambalo miji hii miwili inalijua tangu vita vya 1892 hadi 1894: msaliti ni nani?

Katika tamthilia hiyo, Brutus anashiriki kumuua rafiki yake Kaizari, akisema anaiokoa nchi. Anawaeleza raia sababu zake, nao wanamshangilia. Kisha anazungumza Antony, na umati uleule unakwenda kuchoma nyumba za wauaji. Njiani wanamkuta mshairi Cinna. Kosa lake ni kuitwa jina moja na mmoja wa wauaji. Anajieleza, lakini hawamsikilizi. Wanamuua.

Maniema ina kisa chake. Gongo Lutete alikuwa mkuu wa vita chini ya Tippu Tip na mwanawe Sefu, aliyekuwa Kasongo. Mwaka 1892, baada ya kushindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, alihamia upande wao. Sefu alidai akabidhiwe mtu huyo, akakataliwa, na vita vikaanza. Aprili 22, 1893, Dhanis aliiteka Kasongo, wapiganaji wa Gongo wakiwa pamoja naye. Septemba mwaka huohuo, Dhanis akiwa mbali, maofisa wa Dola walimshtaki Gongo kwa usaliti, wakampiga risasi. Kabambare ilitekwa Januari 1894.

Hapo mwalimu wa Kiingereza anapata somo. Nusu ya darasa ichukue hotuba ya Brutus, nusu ya Antony. Halafu wanafunzi wamhukumu Gongo upya: mmoja aseme kwa niaba ya Sefu, mwingine kwa niaba ya Dola, na wa tatu awe Gongo mwenyewe.

Lugha si kizuizi. Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1963, akaisahihisha mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Darasa linaweza kuelewa maana kwanza kwa Kiswahili, kisha kuigiza kwa Kiingereza, lugha inayohitajika zaidi tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Kisa cha Cinna kinaigizwa kwa dakika chache, bila mavazi wala jukwaa. Mashariki mwa Kongo, ambako uvumi tu umewahi kutosha kumponza mtu mbele ya umati, swali la mwisho kwa darasa ni jepesi kuuliza: kati ya wote waliokuwepo, nani angeweza kusema “ngojeni, tumsikilize kwanza”? Katika tamthilia, hakuna aliyesema.